Tukimpa Mtu Cheo Tumpe na Elimu Yake

Kila mwaka, katika viwanda, karakana, maofisi na mashamba yetu, barua hutoka kwa wakubwa zikiwaarifu watu fulani kwamba kuanzia tarehe fulani wao si mafundi tena, wala si makarani tena, bali ni wasimamizi wa wenzao. Wenye kuzipokea barua hizo hupongezwa. Nyumbani hupikwa pilau, majirani huja, na mama mzazi humshukuru Mungu. Jumatatu mtu yule huingia kazini, hukuta meza, kalamu na daftari la mahudhurio, na kuanzia saa ile huachwa peke yake. Hapana amwambiaye kazi yake mpya ni ipi, yaanzia wapi na yakomea wapi, wala itendwe kwa namna gani. Hudhaniwa kwamba aliyejua kutumia mikono yake mwenyewe atajua pia kuongoza mikono ya watu ishirini.

Dhana hiyo ni kosa, na madhara yake twayaona kila siku. Leo twataka kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu wanaoumia si wale walioandika barua. Wanaoumia ni yule aliyepandishwa, pamoja na wale walio chini yake.

Twamjua fundi mmoja. Jina lake tunalihifadhi, na mahali pake pa kazi hatupataji, maana hatukusudii kumwaibisha mtu. Alikuwa fundi wa magari ya mizigo, na sifa yake ilivuka ukuta wa karakana. Likija gari lenye mlio usiojulikana na wengine, yeye aliinamisha kichwa akasikiliza, kisha akataja ugonjwa ulipo. Na lilipofunguliwa, ugonjwa ulionekana palepale. Kwa sifa hiyo akafanywa msimamizi wa zamu, mwenye watu kumi na wanane chini yake.

Katika hao kumi na wanane alikuwamo mzee mmoja aliyemfundisha kazi. Ni mzee huyo aliyemtia spana ya kwanza mkononi, akamkanya alipokosea, akampa nauli siku alizokuwa hana. Na mzee huyo, kwa ajili ya umri na urefu wa safari ya kutoka nyumbani kwake, alikuwa akichelewa kufika, leo nusu saa, kesho saa nzima. Msimamizi mpya alimwona akashindwa kutamka neno. Atamke nini? Kila asubuhi humwamkia shikamoo. Atatokaje kwenye shikamoo na kuingia kwenye karipio? Akanyamaza. Vijana wa zamu wakamtazama anavyonyamaza, na haukupita mwezi nao wakaanza kuchelewa.

Hapo hofu ikamwingia, na hofu ikazaa ukali. Siku moja kijana alichelewa dakika ishirini. Msimamizi akamfokea mbele ya watu, kisha akaandika kwamba akatwe mshahara wa siku ile. Kijana akaenda kwenye tawi la chama cha wafanyakazi. Chama kikaonyesha kwamba adhabu ile haikufuata sheria wala utaratibu, na wakubwa wakaifuta. Lakini hawakumwita msimamizi kumweleza. Habari hiyo aliisikia kwa wafagizi. Tangu siku hiyo neno lake halikuwa na uzito. Akakimbilia kazi aliyoijua: kila gari lililokuwa gumu alilishika mwenyewe, akalala chini ya injini mpaka usiku, na daftari la zamu likabaki tupu. Baada ya miezi minane aliandika barua kuomba arudishwe kwenye ufundi. Alipoulizwa sababu alijibu hivi: "Kufunga gia boksi nilifundishwa miaka mitatu. Kuongoza watu sikufundishwa hata siku moja."

Karakana ile ilipata hasara tatu kwa mpigo. Ilimwondoa fundi hodari kwenye magari. Haikupata msimamizi. Na watu kumi na wanane walipoteza imani kwamba haki ni moja kwa mzee na kwa kijana. Hasara ya tatu ndiyo kubwa, nayo haionekani katika vitabu vya hesabu.

ONYO LILILO KATIKA LUGHA YETU

Wako watakaosema kwamba mtu yule hakuzaliwa kuwa kiongozi. Sisi hatukubali. Kuongoza watu ni kazi kama zilivyo kazi nyingine: ina maarifa yake, ina zana zake, na mwenye kuianza huwa mwanafunzi hata kama ana mvi. Anayempa mtu kazi asiyomfundisha hana haki ya kushangaa inapoharibika.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi onyo juu ya jambo hili. Neno nyapara lilitoka bara, kwa Wanyamwezi. Katika misafara ya karne ya 19 mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi, ambaye watu walimfuata kwa kuwa aliijua njia, alijua maji yalipo, na alijua kusema na wenye nchi. Neno hilohilo lilipofika kwenye mashamba ya mkonge na kwenye kazi za serikali ya kikoloni likawa jina la msukuma watu, na leo ukimwita mtu nyapara hujamsifu. Jina la cheo lilibaki lilelile. Kilichogeuka ni kazi aliyopewa mwenye cheo. Msafara ulimtaka aonyeshe njia, shamba likamtaka atie hofu. Basi msimamizi mpya asipoambiwa ni lipi kati ya hayo mawili tunalolitaka kwake, ataiga lile aliloliona kwa waliomtangulia, na mara nyingi aliloliona ni la shambani.

Historia ya nchi yetu ina somo lilo hilo. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nafasi za kazi za kati na za juu serikalini zilizoshikwa na wananchi zilikuwa kiasi cha robo tu. Mwaka 1962 serikali ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, iliharakisha kuwapa wananchi madaraka. Haikuwezekana kungoja. Mtu alitoka kwenye meza ya karani akaingia kwenye ofisi ya mkuu, na wengi walifanya kazi ya kusifika kwa bidii yao na kwa makosa yao. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa vikaingia mikononi mwa umma, navyo vikahitaji mameneja wengine, tena kwa haraka ileile.

Mwaka 1970 ukatoka waraka wa Rais ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Februari 1971 ukatoka Mwongozo wa TANU, ambao uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma, wakaushika. Tangu mwaka huo hadi 1973 kazi zilisimama katika viwanda vingi, na mara nyingi aliyelalamikiwa hakuwa mshahara bali ulimi wa meneja: namna alivyowatukana watu, alivyowafukuza ovyo, alivyowaona si kitu.

Sisi twaona kwamba Mwongozo ulikuwa na haki katika lile ulilolikataza. Lakini katazo lina mpaka wake. Kumkataza mtu majivuno ni jambo moja. Kumfundisha jinsi ya kumkanya mwenzake bila majivuno ni jambo la pili. Aliyekatazwa ubaya na asiyefundishwa wema hubaki katikati: leo mkali kupita kiasi, kesho mpole kupita kiasi, kama yule fundi wetu.

Vyuo havikukosekana. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961. Mzumbe, palipoanza shule ya serikali za mitaa mwaka 1953, pakawa na chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972, nacho kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Chuo cha Utumishi wa Umma kiliundwa mwaka 2000. Vyote hivyo vyafanya kazi njema. Lakini chuo huwapokea wachache, na mara nyingi huwapokea wale waliokwisha kupanda juu. Msimamizi wa zamu, mkuu wa stoo, kiongozi wa kikundi cha wafyekaji, hao hawafiki chuoni. Mafunzo yao hayana budi kuwafuata walipo.

MAMBO YA KUMFUNDISHA

Tutaje basi yale ambayo msimamizi mpya yampasa kuyapata, tena katika miezi yake mitatu ya kwanza.

La kwanza ni mipaka ya kazi yake, kwa maandishi. Ni maamuzi gani aweza kuyakata mwenyewe, yapi ayapeleke juu, na yapi si yake kabisa? Aweza kumpa mtu ruhusa ya siku moja ya kwenda mazikoni? Aweza kukataa kipuri kibovu? Msimamizi asiyejua mipaka yake huogopa kila kitu, au haogopi chochote. Tena asiachwe akikaimu mwaka hadi mwaka, akiwa na mzigo wa cheo bila nguvu ya cheo.

La pili ni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Kazi ya ziada ifanywe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na malipo yake yawe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Yasema pia kwamba mshahara wa mtu haukatwi ila kwa jambo lililoruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mishahara, au uamuzi wa mahakama au wa usuluhishi, ama kwa deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi. Fundi wetu angaliyajua hayo asingaliandika neno lile juu ya kijana. Hakuwa mdhalimu, hakuwa na elimu ya jambo hilo. Hivyo siku ya kwanza apewe nakala ya sheria pamoja na kanuni za mahali pake pa kazi, naye apate mtu wa kumwelezea kwa Kiswahili chepesi.

La tatu ni kufundisha. Hapa twaweza kuwatazama wengine. Mwaka 1940, vita vilipokuwa vikiwaka Ulaya, Marekani iliona kwamba viwanda vyake vitawahitaji wafanyakazi wapya kwa maelfu, na wasimamizi wapya wa kuwaongoza. Serikali yake ikaanzisha mpango wa mafunzo ndani ya viwanda, ulioendelea mpaka mwaka 1945. Mafunzo yake ya msingi yalikuwa ya saa 10 tu, yakigawanywa katika vikao vitano vya saa mbili mbili, kwa kikundi kidogo, palepale kiwandani. Yalikuwapo ya kumfundisha mtu kazi, ya kuitengeneza kazi iwe bora, na ya kuishi vema na watu. Waliopata mafunzo hayo walizidi milioni moja na nusu. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na kampuni ya Toyota, ambayo magari yake hayahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, iliyapokea mafunzo hayo mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Njia yao ya kufundisha ni nyepesi, wala haihitaji mashine. Kwanza mtulize mwanafunzi, ujue anachokijua tayari. Pili mwonyeshe kazi hatua kwa hatua, ukimweleza kwa nini kila hatua ni ya lazima. Tatu mwache atende mwenyewe huku akikueleza anachokitenda. Nne mwache peke yake, mwambie amwulize nani akikwama, kisha pita mara kwa mara kumwangalia. Na ikiwa hakujua, mwalimu ajihukumu kwanza yeye. Tukiifuata njia hii katika kuwafundisha wasimamizi wenyewe, nusu ya safari tumekwisha kuimaliza.

La nne ni kukanya, na hapa ndipo wengi huanguka. Mpango ule wa Marekani uliwafundisha wasimamizi wakusanye kwanza habari zote, wazipime, ndipo watende, kisha waangalie matokeo. Sisi twaongeza la kwetu. Katika desturi zetu kijana humheshimu mzee, na hatutaki desturi hiyo ife kwa ajili ya cheo. Lakini heshima si kunyamaza. Fundi wetu angaliweza kumfuata mzee wake jioni, wakiwa wawili tu, akaketi, akamwamkia, akakumbuka wema wake, kisha akasema: "Mzee wangu, vijana wananitazama mimi na wewe. Nikikunyamazia wewe siwezi kumwambia mtu neno. Nisaidie, tufanyeje?" Mzee aliyemfundisha kijana kazi hawezi kumkataa akimjia hivyo. Pengine ingaliwezekana mzee ahamishwe zamu ianzayo baadaye. Pengine angalikabidhiwa kuwafundisha wanagenzi, kazi inayomstahili. Akanywaye kwa siri husikia. Akanywaye hadharani hulinda uso wake tu.

La tano ni kuachia kazi. Aliyepandishwa kwa uhodari wa mikono huona uchungu kumwona mwingine akifanya polepole lile ambalo yeye hulifanya upesi. Humnyang'anya spana. Afanyapo hivyo mara mia, ana mafundi kumi na wanane wasiojua, na yeye mmoja aliyechoka. Aambiwe wazi kwamba kuanzia sasa hapimwi kwa magari aliyoyatengeneza, bali kwa mafundi aliowakuza.

WAJIBU WA WALIO JUU NA WALIO CHINI

Mkubwa aliyeandika barua ya kumpandisha mtu ana deni. Alipe deni hilo kwa kukaa naye nusu saa kila wiki, amwulize lililomshinda, tena amsikilize. Akosaponi amkanye faraghani, na maamuzi yake yanapobadilishwa awe wa kwanza kuambiwa. Wala asiwapokee wafanyakazi wanaoruka juu ya kichwa cha msimamizi ili wapate jibu jingine, isipokuwa pale penye malalamiko ya kweli juu ya msimamizi mwenyewe.

Jambo hili la mwisho laelemea zaidi akina mama. Mwanamke akipandishwa, mara nyingi amri yake huthibitishwa kwa mwanamume wa ofisi ya pili kabla haijatendwa. Mwanamume yule akijibu, hata kama akijibu lilelile, amekwisha kumvua mwenzake cheo. Jibu lake liwe moja: "Nendeni kwa mkuu wenu, ndiye aliyewaambia."

Na sisi wafanyakazi, je, hatuna wajibu? Tunao. Rafiki yetu akipandishwa, twamtaka abaki rafiki: atufunikie tulipochelewa, atupe ovataimu kabla ya wengine, atuambie yaliyosemwa katika kikao. Akikataa, twasema cheo kimemlevya. Huo si urafiki, ni mtego. Mwenzetu tumpe nafasi ya kuwa mwadilifu. Nao viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wamjie msimamizi mpya mapema, wamweleze haki za wanachama, kabla hawajalazimika kumjia na mashtaka. Katika taasisi za umma yako mabaraza ya wafanyakazi. Yaulize kila mwaka: waliopandishwa ni wangapi, na waliofundishwa ni wangapi?

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa hapana fedha, hapana nafasi, na mtu mzima hujifunza huku akitenda. Ni kweli hujifunza huku akitenda, ila swali ni hili: hujifunza kwa gharama ya nani? Kinyozi anayejifunza hana budi kupata kichwa cha kujifunzia, na kichwa hicho ni cha mtu. Mtu akifukuzwa kazi pasipo utaratibu, shauri likafika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku zinazopotea na fidia inayolipwa huzidi mara nyingi zile saa kumi za mafunzo. Asemaye hapana fedha ya kufundisha ameipata fedha ya kulipia makosa.

Wengine watauliza kwa nini ukurasa unaosomwa na wafanyakazi uhangaike na shida za wakubwa. Jibu letu ni kwamba mkubwa wa kwanza amjuaye mfanyakazi si mkurugenzi, wala si waziri. Ni yule mwenye daftari la mahudhurio. Huyo akiwa na haki, mfanyakazi huijua haki. Huyo akiwa mwonevu, sheria nzuri za Bunge hazivuki mlango wa karakana.

Turudi kwa fundi wetu. Tumesikia kwamba ameulizwa tena kama yu tayari kusimamia zamu. Hakukataa, wala hakudai nyongeza ya mshahara. Aliomba mambo matatu: akae mwezi mmoja kando ya msimamizi wa zamu nyingine aliyezoea kazi, apewe kwa maandishi yaliyo yake na yasiyo yake, na mkubwa asiingilie siku atakapokwenda nyumbani kwa mzee wake kusema naye.

Mambo hayo matatu hayafiki bei ya gia boksi moja. Yafaa apewe, na wote waliopandishwa mwaka huu wapewe bila kuomba.